Mlango wa slaidi sebuleni: mliokaa nao naombeni ukweli kabla sijafunga lenta

Nesi_Mjenzi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Boma langu la Kigamboni, upande wa Mjimwema, limefika usawa wa lenta, lile zege la juu ya milango na madirisha. Wiki ijayo fundi anasuka nondo, kwa hiyo nimebakiwa na siku chache za kuamua jambo ambalo limenizungusha kichwa miezi mitatu. Ukuta wa sebule unaotazama baraza la nyuma umeachwa wazi mita 3.6 kwa kimo cha 2.4. Mchoraji wa ramani aliweka pale mlango wa kioo wa slaidi, na mimi wakati ule nikaona raha tu.

Sasa fundi mwashi anasema nizibe, nibakize mlango wa kawaida na dirisha. Nikimuuliza sababu anajibu, "Dada, hiyo ya hotelini." Fundi wa aluminiamu naye anashauri niongeze ifike mita 4. Kila mmoja anavutia kwake.

Watakaoishi pale ni mimi, watoto wawili na mama yangu wa miaka 74, anatembelea mkongojo kwa ajili ya magoti. Bahari iko kama mita 600. Ukuta wenyewe unatazama magharibi. Picha za mtandaoni nimeziona za kutosha, msinitumie. Namtaka mtu aliyekaa na mlango huo miaka mitano aseme umemfanya nini.

Nawasilisha.

Mpita_Njia

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Wataalamu waje.

Kobe_wa_Tabata

Mkuu, mimi ninao, huu mwaka wa saba. Nakupa ukweli bila chumvi.

Wangu ni wa mita 1.8, paneli mbili. Nilipoagiza nilijiona nimepata mlango wa mita 1.8. Siku ya kuhamia tukaleta friza, tukasukuma paneli mpaka mwisho, tukapima: sentimita 82. Nusu nyingine ya mlango haiendi popote, imesimama inatutazama. Friza ikazungushwa ikapita mlango wa jikoni, na wa jikoni ni wa mbao, wa kawaida, wa bei ya chini. Kwa hiyo ukinunua slaidi ya paneli mbili jua umenunua mlango mmoja mwembamba na dirisha moja kubwa lisilofunguka.

Mwaka wa kwanza niliusukuma kwa kidole. Mwaka wa tatu kwa kiganja. Sasa hivi ni bega na bismillah. Binti wa kazi kwa nia njema akaumiminia reli mafuta ya kula. Ukateleza vizuri wiki moja, halafu sisimizi wa Tabata nzima wakahamia pale, na vumbi likagandamana na mafuta likawa kitu kama lami. Nilikichokoa kwa kijiko.

MamaKifimbo

Mimi mlango wenyewe sina. Ila nilikuwepo kitchen party moja ambapo kioo kilifutwa kikang'aa mno, na shangazi wa bibi harusi akaja kwa mwendo wa maringo na sinia la pilau. Alipita. Yaani alidhani amepita. Pilau ilibaki kwenye kioo, imechora umbo lake.

Mnaoweka, bandikeni hata ua la karatasi usawa wa macho. Na jingine chini, usawa wa macho ya mtoto.

Nesi_Mjenzi

MamaKifimbo umenichekesha mpaka wagonjwa wamegeuka. Kobe, asante sana. Hiyo ya sentimita 82 sikuwa nimeifikiria kabisa.

Na ni dada, si mkuu. Ila mkuu pia nakubali.

Fundi_Profaili

Dada Nesi, nafanya kazi ya aluminiamu mwaka wa kumi na tatu sasa, na kwa maelezo haya najiharibia soko mwenyewe.

Anza na uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita moja ya unene. Kiwe cha kutoka wapi, hesabu ni hiyo hiyo. Uwazi wako ukigawanywa paneli mbili, kila moja ni mita 1.8 kwa 2.4, sawa na mita za mraba 4.32. Kwa kioo cha milimita 8 unapata kilo 86 na kidogo, fremu bado. Ni kama kumsukuma mtu mzima aliyelala juu ya vigurudumu. Ukigawanya paneli nne, mbili za pembeni zikasimama na mbili za katikati zikakimbia, kila moja inashuka hadi kilo 43, na unapata njia ya karibu mita 1.7 katikati. Aliyekwambia uongeze mita 4 bila kukutajia idadi ya paneli anataka kuuza kioo.

Pili, rola, vile vigurudumu vya chini ya paneli. Rola ndizo mlango, kioo ni pambo. Wateja wananiuliza kioo rangi gani, profaili nyeupe au kahawia, kitasa cha namna gani. Miaka kumi na tatu sijaulizwa rola gani. Zile za bei poa zina gurudumu la plastiki na beringi ya chuma cha kawaida ndani. Mita 600 kutoka baharini beringi hiyo inashika kutu, gurudumu linaacha kuzunguka, linaanza kuburuzwa. Likiburuzwa linakula reli. Na reli ikishaliwa, rola mpya hazisaidii kitu. Kaka Kobe, wako ndipo ulipofika. Kabla ya kukata tamaa tafuta tundu dogo pembeni chini ya paneli, mara nyingi limezibwa na kifuniko cha plastiki. Humo kuna skrubu ya kupandisha rola. Zungusha kidogo kidogo. Na reli usiipake mafuta wala grisi, piga silikoni ya kupuliza inayokauka, baada ya kufagia.

Tatu, maji. Reli ya chini ni mfereji. Mvua ya upepo itaingia mle, na ndivyo ilivyokusudiwa: yaingie, yakusanyike, yatoke kwa matundu madogo ya upande wa nje. Ubaya ni pale fundi wa taili anapokuja mwisho na sementi yake akaziba matundu yote, kwa sababu kwake ni mashimo yanayoharibu sura. Nimeitwa nyumba nyingi "mlango unavuja", nikafika na bisibisi, nikachokoa sementi, nikanywa chai, nikaondoka.

Nne, kioo. Mlangoni usikubali kioo cha kawaida hata kikiwa kinene. Kikivunjika kinatoa visu. Taka cha tempa, kile kilichopikwa na kupoozwa ghafla kiwandani, ambacho kikipasuka kinakuwa punje punje. Kina muhuri mdogo kwenye kona, usiofutika. Kikishapikwa hakikatwi tena wala kutobolewa, kwa hiyo vipimo vichukuliwe baada ya plasta, si kwenye ramani. Fundi akikwambia "nitakikata hapa hapa saiti", basi si tempa.

Mzee_wa_Lenta

Fundi hapo juu kasema vizuri, ila kama kawaida yenu watu wa aluminiamu mmeruka kilicho juu ya kichwa chenu.

Binti yangu, uwazi wa mita 3.6 haufungwi kwa lenta ya mazoea ya nondo mbili na kimo cha tofali moja. Pale unahitaji boriti iliyopigiwa hesabu na mhandisi, hasa kama paa linakaa juu yake. Na hata iliyopigiwa hesabu vizuri inainama. Kanuni inayotumika sana inaruhusu urefu gawanya kwa 360, na kwako hiyo ni milimita 10. Milimita 10 hakuna jicho litakaloziona. Ukuta hauulizi, plasta haiulizi. Mlango wa slaidi unauliza, kwa sababu fremu ya juu ikishuka hata nusu ya hapo inabana paneli, na mtu anaanza kulaumu rola.

Kwa hiyo fremu isipachikwe ikagusa boriti. Iachiwe nafasi juu, ijazwe kitu laini. Na asifunge kioo wiki ambayo paa limepandishwa. Aliache jengo likae kwanza.

Mwashi wako aliyesema "hiyo ya hotelini" nadhani ndicho alichokuwa anakiogopa, ila hakupata maneno.

Fundi_Profaili

Mzee shikamoo. Nimekubali. Ila na nyinyi waashi muache kutupa uwazi ambao juu ni mita 3.60, chini 3.57, na pembeni tumbo.

Mzee_wa_Lenta

Marahaba. Hilo tumbo ni la saidia fundi.

Mwanamvita

Salama jamani. Mie niko Mombasa, ghorofa ya tatu Bamburi, mlango wa slaidi unatokea roshani. Miaka sita sasa.

Mnazungumza kilo na boriti, mie nawaambia chumvi. Mwaka wa pili unga mweupe ulianza kuota kuzunguka kila skrubu. Aliyepachika alitumia skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Chuma na aluminiamu vikikutana penye unyevu wa bahari haviishi pamoja kwa amani, na anayeliwa ni aluminiamu. Nimezibadilisha zote nikaweka stenlesi namba 316, ile ya bahari. Ile 304 inayouzwa kila duka ni nzuri ya jikoni, ila upepo wa bahari unaipiga madoa ya kutu. Kwa macho hutazitofautisha, na sumaku haikusaidii, kwa hiyo nunua kwa mtu wa vifaa vya boti. Na fremu nzima naiosha kwa maji matamu kila mwezi. Ukiacha mvua ikuoshee, sehemu iliyo chini ya paa haioshwi kamwe, na huko ndiko kunakoharibika mwanzo.

La pili ni aibu kidogo. Mchana kioo kinakupa bahari. Usiku ukiwasha taa, wewe ndiwe bahari. Jirani wa jengo la pili anaijua ratiba yetu ya chakula. Pazia la mita tatu na nusu si pazia la mchezo, na upepo wa kusi ukilishika linaingia kwenye reli, unafunga mlango juu yake. La kwetu lina alama ya magurudumu mpaka leo.

Kipepeo_wa_Dom

Dodoma: vumbi. Sina la kuongeza. Nikifagia reli asubuhi, jioni naweza kupanda mchicha.

Baridi_Kali

Salamu kutoka Minnesota. Huku kila nyumba ina mlango wa namna hii unaotokea uani, na niliyoyajifunza ni mawili.

La kwanza, mlango wa bawaba ukifungwa unaukandamiza mpira mzunguko mzima. Slaidi haikandamizi kitu, inasuguana na manyoya ya brashi tu. Januari nikiweka mkono pale kwenye maungio nahisi upepo wa nje, na reli inaganda barafu. Kwenu barafu hakuna, lakini mahali pa kupita upepo wangu ndipo patakapopita hewa ya kiyoyozi chako, na mbu wako. Zipo slaidi ambazo ukizungusha mkono paneli inanyanyuka, inakimbia, kisha inashuka na kukaa juu ya mpira. Hizo zinaziba vizuri. Bei yake kaa kitako kwanza.

La pili, usalama. Hapa watu wanakata mpini wa ufagio wanaulaza kwenye reli ya ndani, na hata kitasa kikivunjwa paneli haisogei. Njia rahisi, lakini inafanya kazi pale tu paneli inayokimbia iko reli ya ndani. Kama aliyepachika ameigeuza, inayokimbia ikawa ya nje, ufagio wako utaulaza barazani ukimsubiri mwizi. Kagua hilo kabla hujamlipa mtu. Na kagua kama juu kuna kizuizi, maana paneli iliingizwa kwa kunyanyuliwa na inaweza kutolewa kwa kunyanyuliwa.

Kobe_wa_Tabata

Mpini wa ufagio Kigamboni? Ndugu yangu umekaa nje muda mrefu. Huku kuna grili.

Na hapo ndipo palipo na kichekesho. Umelipia kioo kizima ili uone bustani, halafu unaweka nondo mbele yake unaona bustani vipande vipande, kama nyani wa kwenye kizimba.

Mtoto_wa_Chang'ombe

Grili ya kukunja kama za madukani mbona zipo? Mchana unaisukuma pembeni.

Nesi_Mjenzi

Zipo, na zote zina kufuli. Mimi niko wodi ya majeraha. Nimewapokea watu waliofungiwa na grili yao wenyewe moto ukiwaka, ufunguo uko chumbani kwa baba. Sitaandika zaidi ya hapo. Nikiweka grili mlango huo, ufunguo utaning'inia ndani ukutani, mahali mama anapafikia lakini mkono wa mtu wa nje haufiki.

Turudi kwenye mbu. Watu wa aluminiamu mnatupa paneli ya neti inayokimbia reli ya tatu. Inasaidia kweli?

Fundi_Profaili

Inasaidia ukifungua mlango wote au ukifunga wote. Ukifungua nusu, ukingo wa paneli unaacha njia kati yake na paneli iliyosimama, na neti inakuwa inalinda upande usio na tundu. Watu wengi wanafungua nusu. Mbu wanalijua hilo kuliko wenye nyumba.

Mzee_wa_Lenta

Hakuna aliyezungumzia magharibi. Kwa Dar jua linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini au kusini unaukinga kwa paa lililotoka mita moja, hakuna shida. Mashariki na magharibi jua linakuja kwa chini. Saa kumi jioni linaingia chini ya paa la baraza hata liwe la mita mbili na nusu, linalala sebuleni mpaka magharibi ya sala. Kioo cha mita 3.6 kwa 2.4 kinachotazama huko ni jiko. Kioo chenye rangi kinapunguza, hakimalizi.

Kwa upande mwingine, mvua ya kusi inatoka kusini na mashariki. Kwako haitakupiga uso kwa uso. Umekosa tatizo moja ukapata jingine.

Panda mwarobaini. Sitanii.

Binti_Vikokotoni

Mimi wa Unguja, na nawashangaa kidogo. Mnahangaika na mlango unaofunguka nusu wakati wazee wetu walikuwa na mlango wa mabawa mawili, unaofunguka wote, unaingia kabati, anaingia bwana harusi, na siku ikifika jeneza linatoka bila kukunja kona. Msinishangae kulitaja. Mtu anajenga nyumba ya kuishi na mama wa miaka 74 na hakuna aliyeuliza machela inapita wapi. Nesi wewe unajua machela ina upana gani kuliko sisi.

Weka mabawa mawili ya mbao na kioo, bawaba tatu kila bawa, yafunguke nje barazani. Ukitaka mwanga zaidi weka vioo visivyofunguka kushoto na kulia. Bawaba ikiharibika unanunua dukani kwa fundi yeyote. Slaidi ikiharibika unatafuta rola ya mfano ambao muuzaji ameshaacha kuagiza.

Upungufu wake naujua: upepo. Usipoweka ndoano za kuyashikilia, siku moja yatajifunga kwa kishindo yakupasulie kioo. Na yanakula nafasi ya baraza yakifunguka.

Nesi_Mjenzi

Binti Vikokotoni umenigusa penyewe.

Fundi, swali moja la mwisho kuhusu slaidi. Mama hanyanyui mguu, anauburuza. Ile reli ya chini inanyanyuka kiasi gani juu ya taili? Naweza kuizamisha iwe sawa na sakafu?

Fundi_Profaili

Nyingi ninazopachika zinanyanyuka kati ya sentimita 3 na 5. Kuzamisha inawezekana, ila uamue leo, kwa sababu jamvi, yaani zege la sakafu, lazima lichimbiwe mfereji na chini yake kuwe na bomba la kutolea maji kwenda nje. Ule ukingo ulionyanyuka ndio unaozuia maji yasiingie sebuleni. Ukiuondoa, kazi yake inahamia kwenye bomba, na bomba likiziba majani siku ya masika unaamka zulia linaelea. Mguu wa mama unataka ukingo uondoke, mvua inataka ubaki. Sijapata fundi aliyewaridhisha wote wawili kwa bei ya kawaida.

Matairi_Mawili

Nimesoma kimya tangu juzi, leo nachangia. Natumia kiti cha magurudumu, mwaka wa kumi na moja.

Wote mnazungumzia slaidi ya sebuleni, ambayo kwa maoni yangu ni urembo. Slaidi niliyoiona ina maana ni ya chooni. Mlango wa bawaba unaofunguka kuja kwangu unanitaka nishike kitasa huku narudi nyuma, kwenye korido ya mita moja. Unaofunguka kuingia ndani unanitaka nikishaingia nijibanze nyuma ya choo ili nipate kuufunga. Slaidi hainiombi kitu. Naisukuma pembeni, napita, naivuta.

Yangu imening'inizwa juu kwenye reli, upande wa koridoni, inakimbia juu ya uso wa ukuta. Chini hakuna reli kabisa, kuna kijiti kidogo tu pembeni cha kuizuia isibembee. Kwa hiyo hakuna kizingiti. Inataka ukuta mtupu pembeni wenye upana kama wa mlango wenyewe: hapo hapakai swichi, wala kabati, wala picha ya harusi.

Msikubali ile ya kuzama ndani ya ukuta. Ni nzuri kwa macho, lakini ukuta wa tofali la inchi 6 hauna tumbo la kuumeza mlango, lazima ujengwe mara mbili, na siku rola ikitoka relini unavunja taili kuifikia.

Nesi_Mjenzi

Matairi Mawili, nimesoma mara tatu. Tena mimi nilipaswa kulijua hili. Wazee wanaanguka bafuni, wanaangukia mlango, na mlango unafunguka kuingia ndani. Ndugu wako nje wanasukuma, na wanachokisukuma ni mwili wa mama yao. Kwenye ramani yangu mlango wa bafu la mama unafunguka kuingia ndani. Nimeutazama miezi minane sikuuona.

Kobe_wa_Tabata

Wazo zuri, ila mjue mlango wa kuning'inia hauzibi. Kuna upenyo pande zote. Shemeji yangu anao kwenye choo cha wageni kilichopakana na meza ya chakula. Hatuendelei.

Matairi_Mawili

Ni kweli kabisa. Sauti inatoka, harufu inatoka. Choo cha wageni usiweke. Cha ndani ya chumba cha mzee, unachagua kati ya sauti na usalama. Weka feni ya kuvuta hewa na mlango uwe mpana kuliko uwazi, upite sentimita 5 kila upande. Na kitasa kiwe mpini mrefu, si kile kishimo cha kutumbukiza vidole. Vidole vyenye baridi yabisi havitumbukii popote.

Nesi_Mjenzi

Jamani nimerudi, miezi miwili na nusu baadaye. Nawapa mrejesho kama nilivyoahidi inbox kwa wachache.

Kabla ya lenta nilimpeleka mama saiti. Nikalaza chini kipande cha mbao cha inchi mbili pale ambapo reli ingekaa, nikamwambia, mama pita uende barazani urudi. Alipita mara kumi kwa sababu alidhani ni mazoezi ya magoti. Mara tatu mkongojo uliigonga mbao, na mara moja nilimdaka. Akaniuliza, "Hiki kigogo kitakaa hapa siku zote?" Nikamwita mwashi palepale.

Uwazi umebaki mita 2.8. Katikati kuna mabawa mawili ya mninga na kioo cha tempa, mita 1.6 yakifunguka yote, kushoto na kulia vioo visivyofunguka. Kizingiti ni sentimita moja na nusu, kimechongwa mteremko pande zote. Baraza liko chini kidogo na linamwaga maji kuelekea bustanini. Mzee wa Lenta, mwarobaini nimepanda, una kimo cha goti. Kwa sasa kuanzia saa kumi tunahamia sebule ya mbele.

Slaidi moja ninayo: bafu la mama. Imening'inizwa upande wa chumbani, njia ya sentimita 95, mpini mrefu. Swichi ya taa ilibidi ihamishwe, kwa sababu fundi umeme alikuwa ameshaiweka pale pale mlango unapokimbilia. Mama anaufungua kwa mkono mmoja bila kuachia mkongojo.

Matairi_Mawili

Safi sana dada. Reli imekaa sawa kwa pima maji?

Nesi_Mjenzi

Ndicho nilichokuwa nakificha. Ukiuachia unajifungua wenyewe, taratibu, kama sentimita 10. Mama anasema ni jini mpole. Fundi amesema atakuja Jumamosi kurekebisha. Hii ni Jumamosi ya tatu.

Mpita_Njia

Karanga zimeisha, fundi hajafika.